Nenda na Stori Moja: Mwongozo kwa Mwanahabari Aliyealikwa Chuoni

Simu huja jioni, kurasa zikiwa karibu kwenda mitamboni. "Shikamoo dada. Mimi ni katibu wa klabu ya wanahabari hapa chuoni. Tunaomba uje utuzungumzie uandishi wa habari wa kisasa na changamoto zake. Saa moja tu." Unaitikia marahaba, unakubali, unarudi kwenye kichwa cha habari kilichokushinda. Zikibaki siku tatu ndipo unajiuliza utawaambia nini.

Mara yangu ya kwanza nilikwenda na slaidi 52. Nilianza na historia ya magazeti, nikapita kwenye maadili, nikaingia mitandao ya kijamii, nikamaliza kwa nasaha kuhusu uzalendo na kujituma. Wakapiga makofi ya heshima. Kisha binti mmoja wa mwaka wa pili akasimama: "Dada, tumekuelewa kwamba kazi ni ngumu. Lakini Jumatatu ukifika ofisini, unaanza na nini?" Nikageuka kuangalia ukutani. Katika slaidi zote zile hapakuwa na hata moja yenye jibu.

Tangu hapo nimezungumza vyuoni mara nyingi, na ninachokushauri ni hiki: usiende na mada, nenda na stori moja uliyoandika mwenyewe, ukaipasue mbele yao kama fundi anavyofungua redio mezani. Nadharia wanafundishwa na walimu wao, tena vizuri kuliko utakavyoweza wewe kwa saa moja. Wasichokiona ni kilichomo ndani ya habari iliyokwisha kuchapwa. Changamoto zote ulizoombwa kuzizungumzia, yaani fedha, sheria, usalama, uzushi wa mitandaoni na lugha, zitajitokeza humo zenyewe.

Kabla ya kukubali, uliza

Mpigie katibu wa klabu umuulize mambo matano.

Kwanza, ni wanafunzi wa mwaka wa ngapi? Wa mwaka wa kwanza hajawahi kumhoji mtu. Wa mwaka wa tatu amekwisha kwenda fildi, huenda akawa ameshuhudia mengi yanayokuudhi wewe.

Pili, watakuwa wangapi? Kwa watu 30 unaweza kufanya zoezi la makundi. Kwa watu 300 utahitaji kipaza sauti na zoezi la kunyoosha mikono.

Tatu, nani mwingine atakuwepo? Mkuu wa idara akiwa mstari wa mbele, maswali hupungua makali. Omba nusu saa ya mwisho ubaki na wanafunzi peke yao.

Nne, mazungumzo yatarekodiwa? Siku hizi kila simu ni kituo cha televisheni. Ukikusudia kusimulia jambo la ndani ya chumba cha habari, sema mwanzoni kabisa lipi linukuliwe na lipi libaki ukumbini. Hilo lenyewe ni somo la makubaliano kati ya mwandishi na chanzo chake.

Tano, lugha gani? Hapa Tanzania mihadhara na mitihani ya chuo kikuu ni ya Kiingereza, ilhali magazeti yenye wasomaji wengi, na karibu redio zote, hutumia Kiswahili. Omba kuzungumza Kiswahili. Wengi wao watakuwa wanasikia kazi yao ikijadiliwa darasani, kwa mara ya kwanza, katika lugha watakayoifanyia.

Chagua stori, ubebe na makapi yake

Usichague stori iliyokupa tuzo. Tuzo huwafanya wakutazame wewe badala ya kazi. Chagua habari ya kawaida iliyokutoa jasho, yenye kosa moja unaloweza kulikiri bila kutetemeka.

Mimi hubeba habari ya maneno 600 kuhusu kisima cha kijiji kilichozinduliwa kwa ngoma na hotuba, kisha kikakaa bila kutoa maji. Ilitoka ukurasa wa 7. Ndani ya bahasha yake kuna daftari nililoandikia, lenye vumbi na namba za simu (hizo nimezifunika kwa karatasi), rasimu ya kwanza, rasimu iliyopitiwa na mhariri, ukurasa uliochapwa, na masahihisho tuliyochapisha siku nne baadaye.

Naanza na hesabu. Nilipiga simu 14, zikapokelewa 5. Nilikwenda kijijini mara mbili. Safari ya kwanza sikupata kitu kwa sababu mwenyekiti alikuwa msibani. Mhariri alikata aya nne, mojawapo ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Kichwa cha habari sikukitunga mimi. Halafu nawaonyesha masahihisho: niliandika kwamba pampu ilikuwa ya dizeli, kumbe ni ya umeme, na umeme haukuwa umefika kijijini. Niliamini maneno ya mtu mmoja, sikuinama kuitazama pampu yenyewe. Kosa lile lilinificha habari kubwa zaidi: kuna mtu aliyeidhinisha pampu ya umeme mahali pasipo na umeme, na mimi nilisimama hatua tatu kutoka kwenye swali hilo.

Hapo ukumbi hunyamaza. Mtu aliyekiri kosa mwenyewe huulizwa maswali ya kweli.

Gawanya saa yako

Dakika 5 za mwanzo: soma habari yenyewe kwa sauti, au igawe kwenye karatasi. Usijisifu, aliyekukaribisha amekwisha kukusifu.

Dakika 20: ipasue. Nani alipigiwa, nani alikataa, kwa nini ulianza na mwananchi wa kawaida na si na mkurugenzi, nini kilikatwa.

Dakika 15: zoezi.

Dakika 20: maswali. Dakika hizi usizile. Msemaji anayesema "tutachukua maswali mawili tu kwa sababu ya muda" ameshakula chakula cha wageni.

Zoezi: picha ya Jangwani

Zoezi linalonifaa kila ninapokwenda chuo chochote cha Dar es Salaam ni la mafuriko. Kila masika ikianza, bonde la Mto Msimbazi pale Jangwani hujaa maji, na makundi ya WhatsApp hujaa picha. Nyingi ni za miaka ya nyuma. Nawaonyesha picha moja ya barabara iliyomezwa na maji, yenye maelezo "Jangwani asubuhi hii", nawauliza: mhariri anataka kuiweka mtandaoni ndani ya dakika kumi, unafanyaje?

Wengi hukimbilia kusema wataitafuta kwenye intaneti kwa kutumia picha yenyewe. Ni jibu zuri, na waonyeshe jinsi inavyofanywa kwa simu. Lakini kwanza walazimishe kutumia macho. Je, kuna njia ya mabasi ya mwendokasi na vituo vyake? Mabasi yale yalianza kubeba abiria Mei 2016. Kama pale panapopaswa kuwa na njia yake hapana dalili hata ya zege, picha ni ya zamani, huenda ni ya mafuriko makubwa ya Desemba 2011. Namba za magari zinasomeka? Mabango yanatangaza bidhaa gani, ya kampeni ya mwaka gani? Kivuli kimeangukia wapi, na aliyeituma anadai ni asubuhi?

Kisha wape hatua ambayo mashine haiwezi kuichukua: mpigie mtu aliye pale. Dereva wa bodaboda wa Magomeni, mama anayeuza chai karibu na daraja, mwenzako anayeishi Kigogo. Mwambie akupigie picha nyingine kutoka alipo sasa hivi. Mwandishi asiye na watu watatu wa kuwapigia katika kila kona ya eneo lake atabaki kusambaza picha za wenzake.

Malizia kwa kuwauliza swali lenye uzito zaidi: ukishagundua kuwa picha ni ya zamani, unanyamaza au unaandika kwamba ni ya zamani? Waache wabishane.

Zoezi la pili, dogo: maneno matatu

Muda ukikuruhusu, andika ubaoni mtuhumiwa, mshtakiwa, mfungwa. Uliza tofauti. Utashangaa. Mtuhumiwa ananyooshewa kidole, hajafikishwa mahakamani. Mshtakiwa amesomewa mashtaka, hajatiwa hatiani. Mfungwa amehukumiwa na anatumikia kifungo. Kila siku kuna kichwa cha habari kinachomrusha mtu kutoka neno la kwanza hadi la tatu kwa usiku mmoja, hakimu akiwa bado nyumbani kwake.

Hapa ndipo pa kuzungumzia akili mnemba, si katika hotuba ya kutisha kuhusu mashine kuchukua ajira. Niliwahi kuipa programu moja taarifa ya polisi ya Kiingereza iitafsiri haraka. Kiswahili kilirudi kimenyooka, sarufi safi, ila mtuhumiwa alikuwa amegeuka "mhalifu". Ningeichapa ile, mahakamani ningesimama mimi. Waambie watumie mashine kunukuu mahojiano yaliyorekodiwa au kupekua nyaraka ndefu, lakini kila jina, kila tarakimu na kila neno la kisheria walirudie kwa macho yao.

Sheria: beba kurasa, usibebe vitisho

Wanafunzi huja na hofu nusunusu: wamesikia kuna sheria mbaya, hawajazisoma. Chapisha kurasa chache uende nazo. Kwa Tanzania, tano zinatosha.

Ibara ya 18 ya Katiba inatoa uhuru wa maoni na wa kupata habari. Anzia hapo, wajue kwamba kazi yao ina msingi, si hisani.

Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 ndiyo inayohusu ithibati na vitambulisho vya wanahabari, na leseni za magazeti. Machi 2019 Mahakama ya Afrika Mashariki ilisema vifungu vyake kadhaa, vikiwemo vya uchochezi, vinakiuka Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwaka 2023 Bunge likaifanyia marekebisho.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16, inahusu taarifa za uongo. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Inamhusu pia mwanafunzi anayesambaza sauti ya WhatsApp huku akijua ni ya uongo na akikusudia kupotosha.

Kanuni za Maudhui Mtandaoni, zilizotungwa mwaka 2018 na kuandikwa upya 2020, zinamgusa kila anayeota kufungua televisheni yake ya mtandaoni. Wakumbushe kwamba leseni za mtandaoni za kampuni inayochapisha Mwananchi na The Citizen zilisimamishwa kwa siku 30 Oktoba 2024, kwa sababu ya katuni moja ya video.

Ya tano ndiyo husahaulika, nayo ni silaha yao: Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Raia akiomba taarifa kwa maandishi, ofisi ya umma inapaswa kujibu ndani ya siku 30. Kenya ina sheria yake ya mwaka huohuo, na siku zake ni 21. Nenda na nakala ya barua uliyowahi kuandika na jibu ulilopata, hata kama jibu ni "ombi lako linafanyiwa kazi". Wafundishe kuandika barua hiyo palepale: taarifa gani, ya kipindi gani, kutoka idara ipi. Wengi hushindwa kwa sababu wameomba "taarifa zote kuhusu maji".

Usalama: taja majina, kisha taja hatua

Swali la hatari litaulizwa, na usilikwepe. Tarehe 2 Septemba 2012, Daudi Mwangosi wa Channel Ten aliuawa akiwa kazini katika kijiji cha Nyololo, Mufindi. Mwaka 2016 askari polisi alihukumiwa kifungo cha miaka 15 kwa kifo hicho. Tarehe 21 Novemba 2017, Azory Gwanda, aliyekuwa akiandikia Mwananchi na The Citizen habari za mauaji wilayani Kibiti, alitoweka na hadi leo hajaonekana. Yataje majina hayo kwa utulivu, bila kuyafanya mapambo ya hotuba. Waliokaa mbele yako walikuwa watoto wadogo wakati huo. Wengine hawajawahi kuyasikia.

Ukiishia hapo utakuwa umewatisha tu. Endelea na yanayofanyika. Kabla ya kutoka, mwandishi amwachie mhariri jina la mahali, jina la anayekwenda kuonana naye na saa atakayopiga simu. Saa hiyo ikipita, mhariri aanze kumtafuta. Kwenye vurugu asisimame kati ya polisi na umati, asimame ubavuni, karibu na njia ya kutokea. Awe na namba ya klabu ya waandishi ya mkoa ule, na aijue kwa kichwa, kwa kuwa simu ndicho kitu cha kwanza kunyang'anywa. Na ajue kwamba mwandishi wa wilayani, anayeishi mtaa mmoja na anayemwandika, yuko wazi zaidi kuliko sisi tunaorudi Dar es Salaam na basi la jioni.

Kuna hatari nyingine isiyo ya barabarani. Rushwa ya ngono imo katika vyumba vya habari, kwa wanafunzi wa fildi kuliko kwa wengine, kwa sababu hawana mkataba na wanahitaji sahihi ya mtu. Wakumbushe kwamba Chama cha Wanahabari Wanawake, TAMWA, kimepigania haki za wanawake tangu 1987. Eleza nani anapokea malalamiko ofisini kwako. Kama hayupo, wewe uliyealikwa una kazi ya kufanya ukirudi.

Bahasha: sema kweli au nyamaza

Bila shaka utaulizwa kuhusu mshiko, yaani fedha anazopewa mwandishi na mwandaaji wa shughuli. Ukisema hujawahi kuuona, watajua unawadanganya, na yote uliyosema kabla yatashuka thamani. Mimi huwaambia: nimewahi kupokea, nikiwa mgeni kazini, shilingi elfu kumi "ya nauli" kwenye semina. Habari niliyoiandika jioni ile ilikuwa na sifa nane za mwandaaji na swali hata moja halikuwamo. Hakuna aliyeniomba niandike vile.

Kisha waeleze chimbuko lake. Waandishi wengi wa mikoani hawana ajira. Hulipwa kwa stori iliyotoka. Ikitupwa kapuni, nauli na vocha vimekwenda na maji. Mwenye njaa ya namna hiyo ukimhubiria maadili tu, unamwonea. Wape cha kushika: wajue kima cha malipo kabla ya kuanza kuandikia chombo, wadai makubaliano kwa maandishi, waombe nauli kwa mhariri mapema. Na pale wanaposafirishwa na mwandaaji kwa kuwa ofisi haina gari, wamwambie mhariri, na msomaji aelezwe ndani ya habari.

Wafanyie mazoezi ya kukataa kwa adabu, kwani vijana wetu hulelewa kutomkatalia mkubwa. "Nashukuru sana mzee, lakini ofisini hatupokei. Ningeomba badala yake ile ripoti uliyoitaja." Sentensi ya pili ndiyo muhimu: inamwachia mwenye bahasha heshima yake, na wewe hutoki mikono mitupu.

Maswali yasipokuja

Usikimbilie kujaza ukimya. Hesabu kimoyomoyo hadi kumi. Wasipoanza, gawa vikaratasi waandike bila majina; maswali ya mshahara, ya ngono na ya siasa huja kwa njia hiyo. Usilolijua, sema hulijui na umtaje anayelijua. Na mwanafunzi akikubishia kwamba habari yako ilimwonea uliyemwandika, usijitetee haraka. Muulize angempigia nani mwingine.

Ukishatoka

Usiwaachie namba ya simu kisha usipokee. Waachie kazi: kila mmoja alete wazo la habari moja kutoka ndani ya mita 500 za chuo, kwa sentensi tatu. Nini kimetokea, nani ameathirika, nani anapaswa kujibu. Chagua mawazo mawili, uwaite wenyewe wakae siku moja kwenye kikao cha asubuhi cha chumba cha habari, waone jinsi mawazo mazuri yanavyouawa na mabovu yanavyopita.

Katika mazungumzo ya mwisho niliyofanya, aliyenitumia wazo la kwanza aliandika kuhusu bweni lililolipiwa ukarabati ambao haukuonekana. Nilimwambia aendelee. Wiki mbili baadaye, Jumatatu, kabla sijavua mkoba begani, simu ikalia ujumbe: "Shikamoo dada. Msimamizi nimempigia mara sita, hapokei. Nifanyeje?"

Nilimjibu nikiwa nimesimama: "Marahaba. Acha kupiga. Kesho saa moja na nusu asubuhi ukakae kwenye benchi nje ya ofisi yake, na daftari."